Jicho Liliona Kijivu

Kundi letu la familia la WhatsApp halina huruma na picha. Ukituma ya harusi, wanatafuta nani hakualikwa. Ukituma ya sahani ya pilau, wanauliza nyama iko wapi. Hivi karibuni nilituma picha yangu ya zamani: anga la kijani limejikunja juu ya fiodi, milima ya theluji pande zote mbili, taa za nyumba chache zikiwaka chini. Mpwa wangu aliye chuo kikuu alijibu kabla ya mtu yeyote. "Mjomba, hii AI. Usituingize mjini." Mama yake akafuatisha vikatuni vya kucheka, na kaka yangu mkubwa akataka kujua hiyo programu ni ya bure au ya kulipia.

Sikumlaumu kijana. Simu yake humletea kila asubuhi maporomoko yanayomwagika kutoka mawinguni na simba aliyekaa juu ya mwezi, na kwa mtu aliyezoeshwa hivyo, kushuku ni akili. Kilichonigusa ni kwamba swali lake si geni kwangu. Nimeulizwa hivyo kwa maneno mengine tangu picha ile ilipopigwa, enzi ambazo akili mnemba haijawa kitu cha kusingiziwa na kila mtu. Wa kwanza kuuliza nilikuwa mimi mwenyewe, usiku uleule, theluji imenifika magotini.

Nilikuwa nimekwenda Tromsø, kaskazini mwa Norwei, kusomea usimamizi wa uvuvi. Mji huo uko karibu nyuzi 70 kaskazini mwa ikweta. Tanga, nilikozaliwa, iko nyuzi 5 kusini. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa pale. Adhuhuri huja mwanga wa samawati, hukaa saa chache, kisha giza linarudi. Mtu aliyekulia mahali ambapo magharibi huingia karibu wakati uleule mwaka mzima, mwili wake huasi kabla ya moyo: unasinzia mchana darasani, saa nane za usiku umeamka unataka chai. Waislamu wa pale walinieleza kwamba majira hayo wengi wao hufuata saa za Makka, maana ukingoja jua likuonyeshe wakati wa kuswali utangoja mpaka mwakani.

Kamera nilinunua ya mtumba kwa mwanafunzi aliyekuwa anarudi kwao. Usanii haukuwa akilini mwangu. Mama alikuwa ananisumbua kwenye simu nimwonyeshe hiyo baridi ina sura gani, na simu yangu ya wakati ule ikipiga picha usiku ilitoa giza lenye chenga. Basi nikapata kamera, stendi ya miguu mitatu iliyolegea goti moja, na lenzi pana, nikajiunga na wenzangu waliokuwa na gari kwenda Ersfjordbotn, kijiji kilicho mwisho wa fiodi kwenye kisiwa cha Kvaløya, mbali kidogo na taa za mji.

Tuliposhuka walinyoosha vidole juu: taa za kaskazini. Niliona utepe wa kijivu uliotoka upande mmoja wa fiodi hadi upande wa pili, nikadhani ni wingu. Nikawaona wenzangu wanavyoshangilia, nami nikashangilia kwa adabu, kama mtu anayesifia mtoto wa mwenyeji. Kisha nikaacha shata wazi kwa sekunde kama 10. Kioo cha nyuma kilipowaka, wingu langu lilikuwa kijani kibichi, limejaa mistari ya wima, na pembeni kuna zambarau. Nikatazama juu. Kijivu. Nikatazama kioo. Kijani. Hapo ndipo nilipojiuliza alilokuja kuuliza mpwa wangu: hii picha imetoka wapi?

Maelezo yake hayana siri. Jicho la binadamu gizani hutegemea chembe zinazopima kuwepo kwa mwanga tu, zisizotofautisha rangi. Zile zinazotambua rangi hazifanyi kazi mpaka mwanga uongezeke. Halafu jicho halihifadhi. Mwanga unaoingia sasa hivi hutumika sasa hivi, ukaisha. Kamera inapofunguliwa kwa sekunde 10 hukusanya matone ya mwanga yote ya muda huo na kuyaweka pamoja. Na kijani kile kipo kweli: ni hewa ya oksijeni, kilomita 100 na kitu juu ya vichwa vyetu, inayogongwa na chembe zenye umeme zinazotokana na upepo wa jua na kuongozwa na usumaku wa dunia kuelekea karibu na ncha zake. Oksijeni ya juu zaidi, kupita kilomita 200, hutoa wekundu. Naitrojeni huleta ile zambarau na waridi ya pembeni. Kwa hiyo picha yangu haikuongeza kitu ambacho hakikuwepo, na macho yangu nayo hayakudanganya. Kila kimoja kilitoa taarifa ya alichoweza kupokea.

Ningeishia hapo ningekuwa na jibu zuri la kujitetea nalo maisha yangu yote: kamera inaona zaidi ya jicho, kwisha habari. Lakini majira yaleyale ulikuja usiku mwingine ambao jua lilikuwa limechafuka kweli, na taa za kaskazini zikashuka na rangi zao zote bila msaada wa lenzi. Kijani cha kuumiza macho, ukingo wa chini ni waridi, na unakimbia. Unatoka mlima huu hadi ule kabla hujamaliza kugeuza shingo. Watu walipiga kelele barabarani. Nikafungua shata kwa sekunde zilezile 10 na nikapata anga lililojaa uji wa kijani usio na umbo, kwa sababu kila kilichokimbia ndani ya sekunde hizo kilijipaka juu ya kilichotangulia. Usiku huo macho yalishinda. Nilipunguza hadi sekunde 1, picha ikapata mikunjo, lakini mwendo haukuwemo, na ule mwendo ndio uliowafanya watu wazima wapige kelele.

Nilikuwa na jirani mzee, mvuvi aliyestaafu, aliyeniona mara nyingi nikipita na stendi yangu iliyolegea. Norwei watu huitana majina hata kwa wazee, naye alisisitiza nimwite jina lake, lakini ulimi wangu wa Tanga ulikataa kumtaja mtu mwenye mvi zile hivihivi. Nikaishia kumwita bestefar, babu, kama wajukuu zake walivyomwita. Yeye ndiye aliyekaza goti la stendi kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na ndiye aliyenifundisha mambo ambayo mwongozo wa kamera hauyataji. Betri ya akiba ikae kifuani, ndani ya fulana, maana baridi huifanya ionekane imekufa na ukiipasha inafufuka. Usipumue karibu na lenzi. Pumzi inaganda kuwa ukungu wa barafu ambao ukiufuta unakwaruza. Kabla ya kuingia ndani, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki na uiache humo mpaka ipate joto polepole, ili unyevu wa nyumba utue juu ya mfuko na si ndani ya mashine. Gizani usiiamini kamera ijitafutie ukali wa picha. Chagua nyota moja angavu, ikuze kwenye kioo, zungusha pete ya lenzi kwa mkono mpaka nyota iwe kitone.

Na usipige mluzi. Hili alilisema kwa uso mkavu kama yale ya betri. Mama yake alitoka katika ukoo wa Wasami wa pwani, wenyeji wa asili wa kaskazini, na nyumbani kwao mtoto aliyepigia mluzi taa za kaskazini alichapwa, kwa sababu zingeshuka kumchukua. Nilicheka, akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia bibi yangu alikuwa na amri hiyohiyo: mluzi usiku huita nyoka. Bestefar akafikiri. "Huku nyoka hawafiki," akasema. "Labda ndiyo sababu tukapewa taa."

Alikuwa na madaftari. Miaka yote ya bahari aliandika upepo, joto, kina alichotega na alichokipata, kwa kalamu ya risasi kwa sababu wino huganda. Akanishauri nifanye vivyo hivyo na picha: mahali, saa, baridi ya kiasi gani, na mstari mmoja kuhusu nilichokiona kwa macho kabla ya kutazama kioo. Ule mstari wa mwisho nilidhani ni mapenzi ya mzee kwa karatasi. Sasa ndio ninaousoma zaidi. Kwenye ukurasa wa usiku wa Ersfjordbotn imeandikwa: "Kijivu, polepole, nikadhani wingu."

Nilipiga picha ukurasa huo nikamtumia mpwa wangu. Akajibu kwamba hata daftari AI inaweza kulitengeneza, na kwamba mwandiko wenyewe unafanana na wa daktari. Ana hoja. Karatasi haithibitishi karatasi. Lakini baadaye alinipigia, na hakuuliza tena kuhusu picha. Aliuliza nilivaa nini miguuni, na je, nilipokuwa nangoja nilikuwa nawaza nini. Tukaongea karibu saa nzima. Nadhani hapo ndipo shaka yake ilipopata kitu cha kushika, kwa sababu mashine inaweza kutoa anga, lakini haina miguu ya kupata ganzi wala haina mtu wa kumpigia simu.

Watu wa kaskazini walilijua tatizo hili la jicho na kamera kutokubaliana mapema kuliko sisi, na kwa kinyume chake. Mwalimu mmoja wa Kidenmaki, Sophus Tromholt, alikwenda kukaa Kautokeino majira ya baridi ya mwaka 1882 na 1883 kuchunguza taa za kaskazini. Alibeba kamera. Taa hazikushika kwenye sahani zake za kioo, zilikuwa hafifu mno kwa dawa za zama hizo, na akalazimika kuzichora kwa mkono. Kamera ikabaki bila kazi, naye akaigeuzia majirani zake Wasami: wanawake, wazee, watoto, mmojammoja, uso kwa uso. Wakati huo Wazungu wengi waliokwenda kupiga picha watu wa mbali waliwapanga kama vielelezo, huyu kwa mbele, yule kwa ubavu, bila jina. Tromholt aliandika majina. Picha hizo leo ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Bergen na zimo kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Taa zenyewe zilikuja kunaswa na Mjerumani Martin Brendel mwaka 1892, huko Bossekop, Alta, na kuanzia mwaka 1910 Carl Størmer akazipiga picha kwa maelfu, mara nyingi kamera mbili zikiwa mahali tofauti, wapigaji wakiunganishwa kwa simu ili wabonyeze kwa pamoja. Kwa kulinganisha picha hizo mbili na nyota za nyuma yake alikokotoa taa ziko juu kiasi gani. Kabla ya hapo watu wazima na akili zao waliamini zinaweza kugusa vilele vya milima.

Nimewahi kusimama mbele ya nakala za picha za Tromholt kwa muda mrefu kuliko nilivyopata kusimama mbele ya picha yoyote ya anga, zangu zikiwemo. Nasema hivi kama mtu anayependa anga. Lakini mwanamke yule aliyevaa kofia ya Kisami, anayekutazama kana kwamba wewe ndiye uliyechelewa, ana jina lake, na kijiji chake, na vitukuu wake pengine wapo.

Somo la darasani ndilo lililonipeleka visiwa vya Lofoten, mwezi Machi, msimu wa skrei, chewa wa Bahari ya Barents wanaoshuka kila mwaka kuja kutaga. Tulitakiwa kuangalia mizani na vituo vya kupokelea samaki. Lakini kwanza kila mtu lazima apite Hamnøy. Pale kuna daraja, na ukisimama darajani unaona vibanda vyekundu vya wavuvi vimepangana juu ya mawe, nyuma yake mlima umesimama wima, chini maji ya kijani. Ni picha ambayo umeiona hata kama hujawahi kufika. Alfajiri nilikuta stendi zimesimama bega kwa bega kwenye ukingo wa daraja, wenye nazo wakisogezana kwa heshima baridi. Nikapata nafasi, nikapiga. Ilitoka safi. Ningeweza kuinunua kwenye kadi ya posta dukani, na ya kadi ilikuwa na theluji nzuri zaidi.

Harufu ndiyo iliyonitoa darajani. Mtu wa Tanga hahitaji ramani kufuata samaki anayekauka. Nyuma ya barabara kulikuwa na vichanja vya miti, virefu kuliko nyumba, na juu yake wamening'inia chewa wawiliwawili waliofungwa mikia, maelfu, bila chumvi hata chembe. Upepo na baridi vinatosha, kuanzia Februari hadi Mei. Kwenye vichanja vingine vilining'inia vichwa vitupu, midomo wazi, macho yamezama. Niliuliza vinakwenda wapi. "Nigeria," akasema mfanyakazi, kama mtu anayetaja duka la jirani. Kumbe sehemu kubwa ya vichwa vya Lofoten huliwa Afrika Magharibi, kwenye mchuzi. Nikafikiria ng'onda wetu waliotandazwa mkekani pale Sahare, nzi na yote, na mimi niliyekuwa nimevuka dunia kuja kupiga picha vibanda.

Ndani ya kituo cha kupokelea samaki, kwenye kona yenye taa ya balbu moja, alikuwepo msichana wa labda miaka 10. Mbele yake beseni la vichwa vibichi. Alichukua kichwa, akakichoma kidevu kwenye msumari mrefu uliosimama wima kwenye ubao, ulimi ukatokeza juu, akaupitishia kisu, akatupa kichwa upande wa pili na ulimi kwenye ndoo. Pigo moja kwa kila hatua. Huko kukata ndimi za chewa ni kazi ya watoto tangu zamani. Wanalipwa wao wenyewe, na wengine wananunua baiskeli au pikipiki kwa ndimi. Glavu zake zilikuwa za mtu mzima, amezikunja mara mbili. Aliniangalia nilipoinua kamera, nikamwomba ruhusa, akamgeukia baba yake, baba akaashiria kwamba yeye mwenyewe aamue. Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema nisubiri, akavua kofia, akapanga nywele, akairudisha.

Picha ile si kali sana, taa ilikuwa haba. Darasani ndiyo iliyozua mjadala wa juma zima kuhusu ajira ya watoto na urithi wa kazi, na profesa na wanafunzi wa Ghana na Vietnam wakashindana. Ile ya darajani hakuna aliyeitaja.

Maporomoko ya maji niliyakuta Iceland, baada ya masomo, kwenye gari la kukodi na marafiki wawili, tukifuata barabara namba 1 pwani ya kusini. Huko barabara yenyewe ni maonyesho. Seljalandsfoss unaweza kuzunguka nyuma yake na kuitazama dunia kupitia pazia la maji. Skógafoss inaanguka mita 60 kwa mkupuo mmoja, na kwa kuwa uwanda ulio mbele yake ni tambarare, unaweza kuisogelea mpaka ukome mwenyewe. Kinachokukomesha ni manyunyu. Unafuta lenzi, unageuka, tayari ina matone. Kitambaa cha kwanza kikilowa unaingia kwenye skafu, na skafu ikilowa unaingia kwenye fulana. Mbinu niliyoiona kwa wenyeji ni kufunika lenzi kwa kofia ya kuogea ya hotelini, kuitoa, kubonyeza, kuirudisha.

Kila mtu pale alikuwa na kichujio cheusi cha kupunguza mwanga ili shata ikae wazi muda mrefu mchana kweupe. Ukiacha sekunde 2, maji yanakuwa tui zito, bila tone hata moja. Ukipiga kwa sehemu ya 1,000 ya sekunde, kila tone linasimama hewani na maporomoko yanaonekana kama mawe yaliyotupwa. Hakuna binadamu aliyewahi kuyaona maji hivyo, si kwa ile wala kwa hii. Hata hivyo, tui linachapwa kwenye kalenda kila mwaka na hakuna anayeuliza kama ni kweli. Tumelizoea. Mimi napenda sehemu ya 4 ya sekunde, au karibu na hapo, ambapo maji bado yana misuli. Lakini najua ni mapenzi tu, na mwenye tui lake hana la kujibu.

Gullfoss nilifika na picha zake zote kichwani. Mto Hvítá unashuka ngazi mbili, mita 11 kisha mita 21, halafu unaingia kwenye ufa wa ardhi kana kwamba umemezwa. Kando ya njia kuna jiwe la kumbukumbu lenye sura ya mwanamke, Sigríður Tómasdóttir wa shamba la Brattholt, aliyezaliwa mwaka 1871. Yeye na dada zake ndio waliokuwa wakiwaongoza wageni hadi kwenye maporomoko. Wawekezaji walipotaka maji yale kwa ajili ya umeme, alipigana nao kwa miaka, akitembea kwa miguu hadi Reykjavík, safari ya zaidi ya kilomita 100, na inasimuliwa kwamba aliapa kujitupa ndani siku kazi itakapoanza. Wakili wake, Sveinn Björnsson, ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Iceland mwaka 1944. Mahakamani mambo hayakwenda alivyotaka, lakini bwawa halikujengwa.

Nikiwa nimesimama hapo nafuta lenzi kwa mara nyingine, nilimkumbuka chura wa Kihansi. Sisi wenyewe tuna hadithi ya manyunyu. Chini ya maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa, aligunduliwa mwaka 1996 chura wa rangi ya dhahabu, mdogo kuliko kidole gumba, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, na ambaye duniani kote alikuwa na makazi hapo tu, kwenye majani yanayolowa kwa manyunyu mchana na usiku. Sehemu kubwa ya maji ilipopelekwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakakoma. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia, idadi ikapanda, kisha ikaporomoka. Mwaka 2009 alitangazwa ametoweka porini. Waliobaki ni wale waliopelekwa Marekani kuzalishwa kwenye bustani za wanyama, na mwaka 2010 wakaanza kurudishwa nchini. Umeme tuliuhitaji na bado tunauhitaji, sitajifanya sijui. Lakini ninachokifuta mimi kwenye lenzi kwa hasira, kwa mwingine ndiyo nyumba.

Picha nayo inaweza kuharibu bila bwawa. Korongo la Fjaðrárgljúfur, lenye kingo za kijani zilizopinda, lilikuwa likijulikana na wachache mpaka Justin Bieber alipocheza juu ya kuvumwani zake kwenye video ya mwaka 2015. Watu wakaja kusimama aliposimama. Kuvumwani ya Iceland inakua polepole mno, na nyayo zikaacha matope. Mwaka 2019 wahifadhi walilazimika kufunga korongo kwa muda lipone. Tulipopita sisi, kamba zilikuwa zimefungwa na njia imewekwa mbao. Kijana mmoja akaruka kamba na stendi yake mbele ya kibao cha kukataza, akasimama dakika chache, akarudi akiwa na picha yenye korongo tupu, safi, isiyoguswa.

Niliporudi Tanga, mbingu ilinilazimu kujifunza upya. Kilimia kipo pande zote mbili. Nilikuwa nikikiona Tromsø wakati wa baridi, na siku za upweke kilinifaa kuliko simu. Lakini nyota ya kaskazini, ambayo kule inakaribia utosini na nyota nyingine zote huizunguka, huku imezama chini ya upeo wa macho. Ukiacha kamera muda mrefu Tromsø unapata duara juu ya duara. Ukiielekeza mashariki kutoka ufukwe wa Kigombe, nyota za katikati zinapanda wima, za kushoto zinapinda kushoto na za kulia zinapinda kulia. Na zinakimbia zaidi: wale wanaogawa 500 kwa urefu wa lenzi kupata sekunde za kuacha shata wazi, kwa mfano 25 kwa lenzi ya milimita 20, wanaweza kujipendelea wakielekeza kamera karibu na nyota ya kaskazini. Karibu na ikweta huna upendeleo huo.

Wavuvi wa dagaa ndio majirani zangu wa usiku pale. Tuna kalenda moja: wao hawatoki mbalamwezi ikiwa kali kwa sababu taa zao hazivuti samaki, na mimi sitoki kwa sababu nyota zinafifia. Usiku wa giza wanajipanga baharini na taa zao, zamani karabai, sasa nyingi ni za betri ya sola, na mwanga wao unachafua anga ninalolitaka. Mwanzoni nilikuwa nasogea mbali kuwakwepa. Siku hizi nawasubiri warudi, naonyesha picha kwenye kioo, nao wanaanza kubishana ngalawa ipi ni ya nani kwa kuangalia taa ilivyokaa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama ni ya kutengeneza. Swali lao ni kwa nini nimempiga fulani ambaye usiku huo hakupata kitu.

Nahodha mmoja aliomba achapishiwe kubwa, aitundike sebuleni. Nikatoa daftari kuandika mahali, saa, upepo, na jina lake. Nilipoandika jina la kwanza na la baba, akanishika mkono. Niongeze na la babu, na jina la chombo, akasema, kwa sababu hapo ufukweni wenye majina mawili kama yake wako kadhaa, na mmoja wao anamdai kodi ya nyavu na hatakosa kusema picha ni ya kwake.